Wakuu, mtu aliyezoea mlima Kitonga anashindwaje kuendesha gari kwenye milima ya theluji?

#1 Kidume wa Tabata
Habari wakuu, naenda kwenye mada moja kwa moja. Mwezi wa kwanza nitakuwa Munich kwa bro wangu, na kuna ndugu mwingine yuko Milano, kwa hiyo tumepanga tukodi gari tushuke nayo Austria mpaka Italia kwa njia ile ya Brenner. Sasa kila nikisema usukani nashika mimi bro anacheka tu, eti milima ya theluji hatuiwezi sisi. Mimi nimeshuka Kitonga usiku mvua inanyesha, Lukumburu naijua kona kwa kona, masika ya Ifakara kabla ya lami nimeyala sana. Hoja yangu ni moja, utelezi ni utelezi. Matope na theluji vina tofauti gani mpaka dereva mzoefu wa bongo aambiwe akae siti ya nyuma? Waliopita huko waje na hoja, vitisho sitaki.

#2 mzuka_wa_mbagala
Nimekaa pale kwenye kona na karanga zangu, wajuzi waje.

#3 Jongoo Dizeli
Mleta mada uko sahihi kabisa. Nimeendesha semi miaka mingi, mlima ni mlima. Gia nzito, mguu mwepesi, unaachia injini ifanye kazi, breki unagusa tu. Hao wa Ulaya wamezoea barabara za kunyooka ndo maana mlima kidogo wanaona kama mwisho wa dunia.

#4 Mtanga wa Innsbruck
Kaka Jongoo mimi naishi huku huku kwenye hiyo milima unayosema, mwanamke, na naendesha kila siku kwenda kazini. Barabara za kunyooka ziko wapi? 😂

Kidume, matope yana chini. Tairi ikizama inatafuta mpaka ikute udongo mgumu, ndo maana mkiwa na tairi ya meno makubwa na mwendo mnapita. Barafu iliyoganda juu ya lami haina chini ya kutafuta, ni kioo kimeishia hapo hapo. Na mbaya zaidi haionekani. Lami inaonekana nyeusi imelowa kidogo tu, kumbe imeganda. Inaanzia kwenye madaraja, maana upepo unapita juu na chini yake, na kwenye zile kona ambazo jua halifiki mchana kutwa. Unatoka kwenye jua barabara kavu, unaingia kivulini na spidi ile ile, hapo ndo utajua.

Ila kwa Brenner usiogope sana, ile ni barabara kuu, A13, malori usiku na mchana, magari ya chumvi yanapita muda wote. Siku nyingi utakuta lami nyeusi safi na theluji iko pembeni tu. Shida ni ile siku inayomwagika mfululizo, na ukisema utoke kwenye barabara kuu uingie vijijini.

#5 Mwanahewa
Brenner iko juu balaa wakuu, zaidi ya mita 2,000. Hapo hata pumzi inakata.

#6 Nyanda za Juu
#5 punguza. Brenner ni kama mita 1,370 tu, ni katika vipito vya chini kabisa kwenye Alps yote, ndo maana kila lori linapita pale. Mbeya mjini ni karibu mita 1,700. Kwa hiyo mleta mada akisimama Mwanjelwa ananunua parachichi yuko juu kuliko akiwa Brenner.

#7 mzuka_wa_mbagala
Aisee. Sasa mbona Mbeya haimwagiki theluji?

#8 Nyanda za Juu
Sababu sisi tuko karibu na ikweta mkuu, wale wako nyuzi 47 kaskazini huko, jua lao mwezi wa kwanza limelala chini muda mfupi tu linazama. Ila usidharau kwetu, njoo Makete mwezi wa saba asubuhi, sakitu nyeupe juu ya majani, Kitulo ndo usiseme. Bodaboda wanaanguka kwa utelezi wa asubuhi. Theluji kamili ya kumwagika barabarani ndo hatuna.

#9 Ticha Mnyonge
Mleta mada umetaka hoja, nakupa hesabu ya fizikia ya sekondari, hata simu yako inapiga.

Msuguano wa tairi na lami kavu chukua 0.7. Theluji iliyoshindiliwa chukua 0.2. Barafu 0.1. Uko na kilomita 50 kwa saa, umekanyaga breki mpaka mwisho. Lami kavu unasimama kwenye mita 14. Theluji mita 49. Barafu mita 98, karibu uwanja wa mpira mzima. Hiyo ni tambarare.

Sasa weka mteremko wa asilimia 7, barafu ile ile. Mlima unakuvuta kwa 0.07 na wewe una 0.1 tu ya kujizuia, inabaki 0.03. Unahitaji zaidi ya mita 320 kusimama. Mteremko ukiwa wa asilimia 12 jibu la hesabu ni kwamba HUSIMAMI. Uwe na uzoefu wa Kitonga, uwe na leseni ya daraja E, uwe umeombewa, gari haisimami. Kwenye matope ukikanyaga breki angalau tope linajikusanya mbele ya tairi linakuzuia.

#10 Kidume wa Tabata
Asante Ticha, umenitisha kwa hesabu, hiyo naikubali. Kwa hiyo dawa ni kukodi fowili, ile inayovuta kwa magurudumu yote manne? Bro anataka tuchukue kigari kidogo eti kinatosha.

#11 Fundi Saigon
Fowili ndo jibu. Hakuna mjadala hapo.

#12 Mkwawa wa Denver
Fundi Saigon mjadala upo, tena mkubwa. Fowili inakusaidia KUONDOKA. Kusimama gari zote zina magurudumu manne yenye breki, iwe ya milioni mia au kigari cha kubebea mboga. Huku Colorado, Marekani, ukipita barabara kuu ya I-70 baada ya theluji kubwa, hesabu zilizoko mtaroni, magari makubwa ya fowili yamejaa. Sababu jamaa anaona linapanda mlima bila shida anajiamini, anaongeza spidi, kona ikifika anagundua tairi zake ni za kiangazi.

Jibu ni TAIRI. Mpira wa tairi ya kawaida ukishuka chini ya nyuzi 7 unaanza kukakamaa kama soli ya kiatu cha zamani. Tairi ya theluji mchanganyiko wake unabaki laini, na ina vikato vidogo vidogo vingi vinauma. Angalia ubavuni kuna alama ya mlima wa vilele vitatu na nyota ya theluji ndani yake. Ile M+S (matope na theluji) peke yake isikudanganye.

#13 Mtanga wa Innsbruck
Anachosema #12 na sheria inasema hivyo hivyo. Ujerumani tangu Oktoba 2024 M+S peke yake haihesabiki tena kama tairi ya baridi, lazima ile alama ya mlima. Austria kuanzia 1 Novemba mpaka 15 Aprili kukiwa na theluji au barafu lazima uwe na tairi za baridi na meno yasipungue milimita 4. Italia barabara nyingi za huko juu kuanzia 15 Novemba mpaka 15 Aprili uwe na tairi hizo au cheni ndani ya buti. Kidume ukikodi gari Munich waulize kabisa, mengine hiyo tairi unalipia pembeni. Na usisahau stika ya barabara ya Austria, halafu A13 ina malipo yake mengine juu ya hiyo stika.

#14 Fundi Saigon
Kama fowili sio lolote mbona Sani Pass pale mpakani mwa Afrika Kusini na Lesotho gari isiyo fowili wanairudisha? Mtujibu hapo.

#15 mzuka_wa_mbagala
Afrika kuna theluji barabarani?? Fundi acha chai.

#16 Konteina la Tunduma
Sio chai. Lesotho barabara nyingi za milimani zinaganda. Sani juu ni mita 2,876, kona za kuzunguka kama nyoka, juu kabisa kuna baa. Na kuna ile ya lami ya Mahlasela, mita 3,222, karibu na pale wanapoteleza kwa mbao. Morocco nako Tizi n'Tichka, mita 2,260, inafungwa theluji ikizidi.

Na mimi yamenikuta. Septemba 2024 nilikuwa na mzigo natoka Joburg kwenda Durban, N3, pale Van Reenen. Jioni mvua ya baridi, kidogo ikawa nyeupe, kidogo hatuoni kitu. Malori yakaanza kushindwa kupanda, moja likajikunja katikati likafunga njia, nyuma yake wote tukafungiwa. Tulilala humo. Watu wa magari madogo walikuwa na fulana tu maana Durban ni joto, watoto wanalia, sisi wenye vitanda na mablanketi ndo tukawapa. Kuna waliopoteza maisha siku zile. Mleta mada, mimi uzoefu wa Kitonga ninao, wala haukuwa na la kufanya pale, njia ikifungwa imefungwa.

#17 Nyanda za Juu
Pole sana kiongozi #16.

Fundi Saigon kuhusu Sani, fowili inatakiwa mwaka mzima hata kiangazi, kwa sababu ya mawe na mwinuko wa upande ule wa chini. Sio sheria ya theluji.

#18 Fundi Saigon
Sawa lakini kupanda ni nusu ya safari. Usipoweza kupanda hufiki huko kwenye kushuka mnakosema tairi tairi. Nabaki na fowili yangu.

#19 Dokta wa Kokoto
Naomba kuuliza kitu ambacho hakuna aliyekigusa. KWA NINI barafu inateleza? Kioo kimenyooka kuliko barafu lakini ukitembea juu ya kioo kikavu huanguki.

#20 Ticha Mnyonge
Rahisi. Uzito unaigandamiza, ikigandamizwa inayeyuka kidogo, maji yanakuwa kilainishi. Tulifundishwa na tunafundisha.

#21 Dokta wa Kokoto
Ticha hiyo haitoshi. Gari ya tani moja na nusu ukigawa kwa eneo la tairi nne, mgandamizo wake hauyeyushi chochote kwenye nyuzi kumi chini ya sifuri. Na mtu mwenye kilo 60 na viatu vya kawaida anaanguka vizuri tu. Wengine wakasema basi ni joto la msuguano, kitu kikisugua ndo kinayeyusha. Lakini mbona ukisimama tu bila kusogea bado miguu inakutoka?

#22 Kipepeo_Upanga
Faraday aliliongelea hili mwaka 1850. Alichukua vipande viwili vya barafu akavigusanisha vikashikana, akasema maana yake juu ya barafu kuna utando wa maji muda wote, hata usipoibana wala kuisugua. Zile chembe za juu kabisa hazina za kuzishika kwa juu kwa hiyo zimelegea.

#23 Mkwawa wa Denver
Sijui Faraday wala nani, mimi najua ya barabarani. Barafu ya nyuzi 20 chini ya sifuri ina mshiko kidogo, tairi inalia krrr krrr unajua umeshika. Inayoua ni ile ya sifuri sifuri, asubuhi inayeyuka jioni inaganda, ina maji juu. Hapo hata mbwa anaanguka.

#24 Ticha Mnyonge
Ndo nilichosema mimi, maji juu.

#25 Kipepeo_Upanga
Hapana Ticha, wewe umesema maji yanatoka wapi, na hapo ndo umekosea 😂

#26 Jongoo Dizeli
Mnaleta darasa. Turudi kwenye kushuka. Mkwawa wewe ni dereva, niambie hapa mbele za watu, mlima wa theluji unashuka bila ya kutumia breki ya injini? Kitonga bila hiyo ungeshafika kaburini siku nyingi.

#27 Mkwawa wa Denver
Mzee wangu Jongoo shikamoo, heshima yako naijua. Lakini tela tupu kwenye barafu ukawasha breki ya injini kwa nguvu zote, yale magurudumu yanayosukuma ndo peke yake yanazuiwa, yanapoteza mshiko, yanakwama. Tela nyuma haina habari, linaendelea kusukuma, linakuja kukuangalia dirishani. Hapo umejikunja. Huku wakongwe wanakwambia lami imelowa na kuna baridi, zima hiyo kitu, shuka gia ndogo KABLA hujaanza mteremko, gusa breki kidogo kidogo ili na magurudumu ya tela yasaidie.

Kwa faida ya wengine, njia yangu inapita Eisenhower, hilo handaki liko mita 3,401, yaani katikati ya njia ya kwenda Horombo kule Kilimanjaro na wewe uko na tani 36. Na ukibeba mafuta au kemikali handaki huruhusiwi, unapelekwa juu kabisa Loveland Pass, mita 3,655, kona bila kingo pembeni. Waliobeba vitu vya kulipuka ndo wanaopitishwa kwenye njia mbaya zaidi, fikiria hapo. Pass ikifungwa ndo wanasimamisha magari mengine wanawavusha handakini kwa zamu. Na cheni lazima uwe nazo kuanzia 1 Septemba mpaka 31 Mei, ukifunga njia bila cheni faini inazidi dola 1,000.

#28 Baharia wa Poznan
Nipo Poland, nabeba mizigo mpaka Italia. Sikubaliani na Mkwawa moja kwa moja. Malori ya huku yana ritada, breki ya ziada isiyotumia breki za miguu, unaweka kidato cha kwanza tu, mzigo ukiwepo, inashika taratibu vizuri kuliko mguu wako. Breki za miguu ukizigusa gusa mlima mzima zinapata moto, unafika chini huna breki. Kuzima kabisa ni ushauri wa lori tupu.

#29 Mkwawa wa Denver
Ndo maana nikasema tupu.

#30 Jongoo Dizeli
Na mimi nilisema mguu mwepesi. Kwa hiyo nimeshinda.

#31 Baharia wa Poznan
Hujashinda mzee 😂 Halafu kuna mambo ya baridi ambayo hayahusu mlima na yanawatoa watu roho. Dizeli ya kiangazi inaganda nta, unaamka chujio limeziba. Ukitoka nchi ya joto na tenki limejaa ukapanda mlimani usiku umekwisha, jaza juu huko huko, wanauza ya baridi. AdBlue, ile dawa ya kusafisha moshi wa dizeli, inaganda kwenye nyuzi 11 chini ya sifuri. Upepo wa breki ukiwa na unyevu, valvu zinaganda. Na ukipaki gari imelowa usivute handibreki, asubuhi inakuwa imeshikana na diski, weka gia na kigingi. Waipa unazisimamisha juu zisigandane na kioo.

#32 Kidume wa Tabata
Kumbe. Sasa swali la upepo wa tairi, kwenye matope tunapunguza ili tairi itanuke. Theluji nako tunapunguza?

#33 Konteina la Tunduma
Tulishusha pale Van Reenen wengine, haikusaidia kitu.

#34 Kipepeo_Upanga
Iceland wanashusha mpaka psi chache sana, wana magari ya tairi kubwa za kutembelea juu ya barafu ya milimani. Kwa hiyo inasaidia.

#35 Mtanga wa Innsbruck
Wale wako juu ya theluji nene laini ambako hakuna barabara, wanataka kuelea. Kidume atakuwa kwenye lami. Huku wengi wanapenda tairi nyembamba ikate ishuke mpaka kwenye lami. Na baridi yenyewe inakupunguzia, karibu psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 zinazoshuka, kwa hiyo utajikuta unatakiwa kuongeza wala sio kupunguza.

#36 Fundi Saigon
Kwa hiyo nyembamba au pana? Ndo mjue hawa wenyewe hawajakubaliana.

#37 mzuka_wa_mbagala
Mimi swali langu ni la mtumba. Mark X yangu ina kitufe kimeandikwa SNOW. Nikibonyeza gari inakuwa nzito. Inafanya nini?

#38 Fundi Saigon
Usiibonyeze hapa Dar. Inaondoka na gia ya pili badala ya ya kwanza na inapunguza ukali wa mafuta ili tairi zisizunguke bure. Kuna mteja alikuwa anaibonyeza eti AC inakuwa baridi zaidi.

#39 Binti Keko
😂😂😂 jamani. Ila mimi naitumia kwenye matope ya Goba mvua zikinyesha na inasaidia, mniambie kama nakosea.

#40 Ticha Mnyonge
Hukosei dada.

#41 Daktari Mstaafu Kurasini
Vijana nimesoma yote, mmesema tairi, mmesema gia. Kinachoua watu waliokwama hamjakisema. Januari 2022 kule Murree, Pakistan, watu zaidi ya 20 walifariki ndani ya magari yao barabarani kwenye theluji, na wengi hawakugongana na mtu. Wamekwama, baridi kali, wanafunga vioo vyote, wanawasha injini wapate hita, theluji inaendelea kushuka inaziba ekzosi. Moshi unarudi ndani. Ile hewa haina harufu, unasinzia ndo basi.

Mkikwama toka kwanza uchimbe bomba la moshi liwe wazi, kioo kimoja kiache wazi kidogo upande usio na upepo, washa injini kama dakika kumi kila saa usiiache ikinguruma usiku kucha. Blanketi, maji, chakula, koleo, tochi, viwe ndani sio kwenye buti ambalo huwezi kulifungua likiganda.

#42 Konteina la Tunduma
Shikamoo daktari. Ni kweli, usiku ule tulikuwa tunapita gari moja moja tunagonga vioo.

#43 Kidume wa Tabata
Shikamoo zote kwa daktari, hili sikulijua kabisa, asante sana.

#44 Mwanahewa
Ila hivi ndugu zangu, India kuna barabara gari inafika mita 5,602, Khardung La, kibao kiliandikwa hivyo. Kilimanjaro yenyewe 5,895. Sasa Kidume anaogopa Brenner ya nini.

#45 Nyanda za Juu
Mwanahewa na vipimo vyako bwana. Kibao kilisema hivyo lakini waliopima kwa vifaa wanapata 5,359. Bado ni juu, sibishi.

#46 Msomi wa Pune
Nimesoma India, tulienda na basi mpaka Rohtang, mita 3,978, kabla handaki la Atal halijafunguliwa mwaka 2020. Kuta za theluji pande zote zinazidi basi kimo, dereva anatafuna ubuyu wao anaongea na simu. Kichwa kilinigonga, wenzangu wanatapika. Gari za petroli za zamani zilikuwa zinakohoa, maana injini isiyo na tabo inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kila unapopanda mita 1,000. Sasa hivi handaki la kilomita 9 linapita chini, watu hawasumbuki.

#47 Mtanga wa Innsbruck
Na huku ndo hivyo hivyo, vipito vya juu hawapigani navyo, wanavifunga. Kidume kama kuna mtu atakushauri upitie Stelvio upige picha zile kona 48, mwambie hiyo iko mita 2,757 na mwezi wa kwanza geti limefungwa mpaka karibu na Juni. Uswisi Furka ikifungwa unapakia gari kwenye treni, mnakaa humo humo ndani ya gari mnavushwa chini ya mlima kilomita 15, kama pantoni ya Kigamboni ila giza.

Na ukikutana na basi la njano la posta la Uswisi kwenye kona nyembamba linapiga honi ya sauti tatu, wewe ndo unampisha. Dereva wake hapishi mtu, na wala hakasiriki.

#48 mzuka_wa_mbagala
Kama daladala za Gongolamboto.

#49 Mtanga wa Innsbruck
Zile zina kasirika 😂

#50 Jongoo Dizeli
Maporomoko ya theluji je? Naona kwenye video inakuja kama wingu.

#51 Mkwawa wa Denver
Wanayashusha wenyewe kabla hayajawa makubwa. Wanafunga njia alfajiri wanalipua, theluji inashuka, tingatinga zinasafisha, wanafungua. Canada pale Rogers Pass ni jeshi kabisa na mizinga, wanapiga mlima tangu miaka ya 60. Ukikuta bango limeandikwa usisimame eneo hili, usisimame hata kama mtoto anataka kukojoa. Afghanistan, Salang, Februari 2010, yalifunika barabara watu zaidi ya 160 wakafa.

#52 Ustaadh wa Temeke
Innalillahi. Kidume panda treni.

#53 Binti Keko
Au ndege, Munich Milano ni kama Dar Dodoma tu.

#54 Kidume wa Tabata
Sipandi treni wala ndege. Nimewasoma wote. Bro nimemwambia tairi za alama ya mlima, cheni kwenye buti, tunaondoka asubuhi jua likiwaka. Ila usukani hapo bado tunabishana, anasema nishike kuanzia Verona ambako hakuna theluji, mimi nasema nianzie Innsbruck.

#55 Mtanga wa Innsbruck
Cheni mkishanunua jifungeni uani kwanza mkiwa na mikono mikavu. Zinafungwa kwenye magurudumu yanayovuta, kigari cha mbele ni mbele. Usizidishe 50. Na msifunge katikati ya njia, kuna sehemu maalumu pembeni. Kuhusu Verona bro wako yuko sahihi.

#56 Jongoo Dizeli
Mtu ameshuka Lukumburu unampa kuanzia Verona! Mpe Innsbruck.

#57 Baharia wa Poznan
Mpe sehemu ya kuegesha magari kwanza, iliyoganda, tupu. Akanyage breki aone gari inavyomwambia. Akilegeza mguu usukani unarudi, akikaza breki usukani unakuwa wa mapambo. ABS, ule mfumo unaozuia tairi zisikwame ukikaza breki, inasaidia hapo, ingawa kwenye theluji laini nene inaongeza umbali wa kusimama.

#58 Fundi Saigon
ABS inaongeza umbali? Hii sasa nayo mpya.

#59 Baharia wa Poznan
Ndiyo. Tairi ikikwama inajijengea tuta la theluji mbele yake, ABS inaizuia isikwame kwa hiyo tuta halijengeki. Lakini unabaki na usukani, unaweza kukwepa.

#60 Ticha Mnyonge
Hapo sasa tumerudi kwenye matope niliyosema #9.

#61 Binti Keko
Samahani natoka nje ya mada kidogo. Kuna Harrier naipenda pale kwenye yadi, muuzaji anasema imetoka Hokkaido, ina tairi nne mpya laini kabisa za theluji, anazitaja kama faida. Nichukue?

#62 Fundi Saigon
Tairi hizo kwa joto la Dar zinaisha kama kifutio, hesabu huna tairi. Kubwa zaidi ni chumvi. Kule wanamwaga chumvi barabarani miezi yote ya baridi na inakula chuma. Usiangalie rangi, juu itang'aa kama harusi. Panda nayo kwenye shimo la fundi, angalia chesisi, mirija ya breki, pale sabufremu inapofungwa. Chukua bisibisi ugonge. Ikitoboka kimbia.

#63 Binti Keko
Muuzaji kagoma kuipeleka kwenye shimo, anasema imeshakaguliwa Japani.

#64 Fundi Saigon
Basi ushapata jibu dada. Yadi iko wapi nije na tochi yangu?